SMS nne kwa sweta moja: pale programu ya Java inapokataa kuachilia memori

Januari ni mwezi wa sare. Kila mzazi ana orodha ya shule mkononi, na kila muuza sare anajua kwamba akikosa mauzo ya wiki hizo mbili, atangoja hadi muhula mwingine. Ndiyo maana simu iliyotufikia kutoka Nakuru ilikuwa ya mtu aliyechoka kabisa. Mteja wetu huyo anauza sare na viatu vya shule dukani na mtandaoni, na wazazi humlipa kwa simu kupitia kwetu.

"Dada yangu, kuna mama amenipigia akilia," alimwambia mwenzetu wa huduma kwa wateja. "Anasema nimemkata mara nne, na sweta ni moja tu!"

Tukaangalia. Mama huyo alikuwa amekatwa mara moja, shilingi zilezile za sweta moja. Lakini kwenye simu yake kulikuwa na SMS nne za shukrani, zote kutoka dukani, zote za oda ileile, zimefuatana ndani ya dakika moja. Tukamwambia mteja wetu pesa ziko sawa, asiwe na wasiwasi. Na kuhusu hizo SMS, basi azime seva kisha aiwashe tena. Akafanya hivyo, SMS zikarudi kuwa moja, sote tukafurahi.

Siku kadhaa baadaye, Ijumaa asubuhi, duka lake la mtandaoni likaanza kusuasua. Ukurasa uliokuwa ukifunguka kwa sekunde moja sasa ulichukua dakika nzima. Wazazi walikuwa wanalipa, pesa zinatoka kwenye simu zao, sisi tunatuma uthibitisho kwa seva yake, na seva haijibu. Mzazi akirudi kwenye ukurasa anaona imeandikwa "Bado hujalipa". Wengine wakalipa tena. Kisha seva ikazimika yenyewe.

Kurudisha zile pesa zilizolipwa mara mbili kulituchukua siku nzima. Kurudisha imani ya wazazi ni kazi ya mteja wetu, na hiyo hatuwezi kumfanyia. Ule ushauri wetu wa zima-uwashe ulikuwa umefuta dalili tu. Ugonjwa ulibaki palepale.

Kama duka lako au mfumo wako wa oda umeandikwa kwa Java na unakaa kwenye seva kama Tomcat, haya yanakuhusu. Kama wewe si fundi, mpe fundi wako asome, kisha mwulize maswali. Sisi tunaoandika ukurasa huu tulisomea masoko, si uhandisi. Wahandisi wetu walitukalisha chini alasiri mbili mpaka tukaelewa, na tumeandika vile tulivyoelewa.

Mpangaji aliyehama akaacha sanduku

Java ilitolewa na kampuni ya Sun mwaka 1995, na mojawapo ya sifa zilizoifanya ipendwe ni kwamba mwandishi wa programu harudishi memori kwa mkono. Kuna mzoa taka ndani yake. Kitu kikishatumika na hakuna anayekishika tena, mzoa taka hukiondoa na nafasi yake hupewa kingine. Kwa sababu hiyo mafundi wengi watakuambia Java haivuji. Inavuja, ila kwa namna yake: memori haipotei, inashikwa. Mzoa taka hana ruhusa ya kugusa kitu chochote ambacho bado kuna njia ya kukifikia kutoka kwa kitu kilicho hai. Hata kama hakuna atakayekitumia milele.

Sasa ongeza jambo la pili, ambalo hata sisi hatukuwahi kulisikia kabla ya Januari. Programu ya Java imegawanywa katika vipande viitwavyo klasi. Klasi hukaa kwenye diski mpaka zihitajike, na kazi ya kuzileta kwenye memori hufanywa na kitu tutakachokiita kipakiaji. Vipakiaji ni vingi na vina ukoo. Yupo mzee anayeleta klasi za Java yenyewe, wapo walio chini yake, na kule chini kabisa Tomcat humpa kila duka kipakiaji chake. Kwa kawaida mtoto huanza kumwuliza mzazi: je, unayo klasi hii? Kipakiaji cha duka ndani ya Tomcat hufanya kinyume. Huanza kutafuta nyumbani kwake, kwenye folda za WEB-INF/classes na WEB-INF/lib, ndipo aende kwenye folda ya pamoja ya Tomcat. Haruhusiwi kufanya hivyo kwa klasi za msingi za Java na kwa nyingine kama zile za Servlet. Mpango huo ndio unaowezesha maduka mawili kukaa kwenye Tomcat moja, moja likitumia toleo la zamani la maktaba fulani na lingine toleo jipya, bila kugombana.

Mpango huohuo ndio unaoruhusu fundi kupandisha toleo jipya la duka bila kuzima seva. Tomcat hutupa kipakiaji cha zamani chote kama kilivyo na kuunda kipya. Kile cha zamani, pamoja na maelfu ya klasi zake, kinatakiwa kuzolewa.

Kinatakiwa. Kila kitu kilicho kwenye memori kinaijua klasi yake, kila klasi inakijua kipakiaji chake, na kila kipakiaji kimezishika klasi zake zote na kila kilichowekwa ndani ya sehemu zake za `static`. Ukifuata mnyororo huo utaona balaa yake: kitu kimoja kidogo kikishikwa na mtu wa nje, duka zima la zamani linabaki.

Mhandisi wetu mmoja alitupatia mfano wa ploti. Mpangaji amehama bedsita, amehamisha kitanda, meko na televisheni, lakini ameacha sanduku moja. Keyateka hawezi kumpa mtu mwingine chumba kile, kwa sababu bado kina mali ya mtu. Analazimika kumtafutia mpangaji mpya chumba kingine. Huyo naye akihama anaacha sanduku. Baada ya miezi kadhaa ploti imejaa, vyumba vyote vina taa zimezimwa, na kila kimoja kina sanduku moja.

Zile SMS zilitoka wapi

Fundi wa duka lile ni kijana mwenye bidii, labda bidii kupita kiasi. Bei za sweta zilikuwa zimeandikwa ndani ya programu yenyewe, kwa hiyo bei ikibadilika alipandisha toleo jipya. Januari bei hubadilika sana. Kuna siku alipandisha mara tatu.

Ndani ya duka alikuwa ameweka kazi ndogo ya kujirudia. Kila dakika moja, inasoma kwenye hifadhidata oda zilizolipwa dakika 10 zilizopita na kumtumia mzazi SMS ya shukrani. Ili isirudie, inaandika nambari ya oda kwenye orodha ya "nimeshatuma". Kazi hiyo iliendeshwa na uzi wake, yaani mkono wa pembeni unaofanya kazi wakati duka linaendelea kuhudumia wateja. Alitumia `ScheduledExecutorService`, chombo cha kawaida kabisa cha Java. Aliuwasha uzi huo duka linapoanza. Hakuandika popote kwamba uzimwe duka linaposimama.

Tomcat inaposimamisha duka, haiui nyuzi ambazo duka lilizianzisha lenyewe. Inalalamika kwenye logi, inaendelea na mambo yake. Kwa hiyo toleo la Jumatatu lilipoondolewa, uzi wake uliendelea kuishi, na ukiishi umekishika kipakiaji cha toleo la Jumatatu na klasi zake zote. Na haukuwa umekaa kimya. Kila dakika uliendelea kuamka, kusoma hifadhidata na kutuma SMS, kwa kutumia klasi ambazo tayari zilikuwa zimepakiwa. Toleo la Jumanne likaja na uzi wake na orodha yake ya "nimeshatuma", likaachwa vivyo hivyo. Kila toleo lilikuwa halijui wenzake wapo.

Yule mama alipata SMS nne kwa sababu maduka manne yalikuwa hai ndani ya seva moja: lililo wazi mbele ya wateja, na mizimu mitatu nyuma yake. Zile SMS zilikuwa zinatuhesabia uvujaji, moja kwa kila toleo, na sisi tukamwambia mwenye duka azime, awashe.

Kulikuwa na uvujaji wa pili ndani ya huo wa kwanza. Ile orodha ya "nimeshatuma" ilikuwa ya `static` na haikupunguzwa hata siku moja. Kila oda iliongeza mstari. Orodha moja ya namna hiyo haiui seva kwa wiki moja, lakini nne zinazokua kwa pamoja, juu ya maduka manne yaliyopakiwa kikamilifu, kwenye seva ndogo ya kukodi, si mchezo.

Ngazi au mteremko

Swali la kwanza ambalo wahandisi wetu humwuliza fundi ni hili: memori inapanda vipi? Wengi hujibu "inajaa tu". Hilo halisaidii. Chora grafu ya memori iliyobaki imetumika baada ya mzoa taka kupita, iangalie kwa siku kadhaa, kisha weka alama pale kila toleo jipya lilipopandishwa.

Kama mstari unapanda kama ngazi, yaani unakaa sawa, unaruka kila unapopandisha toleo, unakaa sawa tena, basi ni vipakiaji vya zamani havitoki. Kama unapanda polepole kama mlima wakati duka linauza, hata kama hujagusa toleo, basi kuna orodha au akiba fulani inayokua bila kikomo. Na kama unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, lakini sakafu yake iko palepale, huo si uvujaji. Huyo ni mzoa taka akifanya kazi yake, na labda seva yako ni ndogo tu kwa biashara uliyo nayo. Tumeona watu wakiwinda uvujaji wiki mbili mahali ambapo ilitakiwa kuongezwa memori.

Ujumbe wa kosa nao huonyesha njia. `OutOfMemoryError` inayotaja `Java heap space` inamaanisha eneo la vitu vya kawaida limejaa: orodha, oda, vikapu vya wateja. Ikitaja `Metaspace`, limejaa eneo la maelezo ya klasi, na hapo mshukiwa wa kwanza ni vipakiaji. Kabla ya Java 8, iliyotoka Machi 2014, eneo hilo liliitwa PermGen na lilikuwa na kikomo chake, kwa hiyo mafundi wa zamani wanakumbuka kosa la `PermGen space` vizuri sana. Java 8 ikaliondoa, ikaleta Metaspace, ambayo usipoiwekea kikomo huendelea kukua hadi memori ya mashine yenyewe iishe.

Wengine walishangilia wakidhani tatizo limekwisha. Kilichobadilika ni kwamba sasa mara nyingine hupati kosa lolote. Linux inaona mashine inakosa pumzi, inachagua mchakato mnene zaidi na kuuua, na logi ya Tomcat inakatikia katikati ya sentensi. Ndivyo ilivyokuwa Ijumaa ile Nakuru. Fundi alitafuta kosa kwenye logi ya duka asione kitu. Ushahidi ulikuwa kwenye ujumbe wa mfumo, amri ya `dmesg`. Ndiyo maana wahandisi wetu wanapendekeza uweke kikomo mwenyewe, kwa mfano `-XX:MaxMetaspaceSize=256m`, pamoja na `-XX:+HeapDumpOnOutOfMemoryError`. Kiasi kinategemea duka lako. Maana yake ni kwamba programu ianguke mapema ikiacha picha ya memori nyuma, kuliko kuuawa kimyakimya.

Kumkamata anayeshika

Anza na logi, kwa kuwa ni bure. Tomcat inaposimamisha duka hukagua yenyewe na kuandika maonyo. Tafuta maneno `memory leak` karibu na wakati ulipopandisha toleo. Itakutajia jina la uzi ulioanzishwa na haukuzimwa, au draiva ya hifadhidata iliyosajiliwa na haikuondolewa. Kwa fundi wetu wa Nakuru maonyo hayo yalikuwepo tangu siku ya kwanza, na uzi ulikuwa umetajwa kwa jina. Hakuna aliyekuwa ameyasoma, kwa sababu hayakuwa mekundu.

Hatua ya pili ni kuhesabu. Pata nambari ya mchakato kwa `jps -l`, kisha, tuseme ni 4821, andika `jcmd 4821 GC.class_histogram`. Itatoa orodha ndefu ya klasi na idadi ya vitu vya kila klasi. Tafuta mstari wa `ParallelWebappClassLoader`, hicho ndicho kipakiaji cha maduka kwenye matoleo ya karibuni ya Tomcat. Hesabu maduka uliyoyapandisha, pamoja na yale yanayokuja na Tomcat yenyewe kama ukurasa wa msimamizi. Kama nambari kwenye orodha ni kubwa kuliko maduka yako, ziada hiyo ndiyo mizimu. Amri hiyo humlazimisha mzoa taka apite kwanza, kwa hiyo seva itasimama kidogo. Usiifanye saa ya mauzo. Ukurasa wa msimamizi wa Tomcat nao una kitufe cha `Find leaks`, na kina tabia hiyohiyo.

Sasa rudia: pandisha toleo lilelile tena bila kubadilisha chochote, hesabu. Pandisha tena, hesabu. Ikipanda moja kila mara, umeshathibitisha, na umeshathibitisha kwenye mashine ya majaribio, si mbele ya wazazi.

Hatua ya tatu ndiyo yenye jibu. Chukua picha ya memori yote kwa `jcmd 4821 GC.heap_dump /njia/ya/faili.hprof` na uifungue kwa Eclipse Memory Analyzer, programu ya bure ambayo mafundi huiita MAT. Mchagulie kipakiaji kimoja cha zamani, kisha umwombe aonyeshe njia kuelekea mizizi ya mzoa taka, ukiacha nje marejeo dhaifu. Anarudisha mnyororo: kipakiaji hiki kimeshikwa na klasi hii, iliyoshikwa na kitu hiki, kilichoshikwa na uzi huu. Yule aliye mwisho wa mnyororo ndiye mwenye sanduku. Hapo hakuna kubahatisha tena.

Mara nyingi atakuwa mmoja wa hawa. Uzi ambao haukuzimwa, kama wetu. Draiva ya hifadhidata iliyowekwa ndani ya WEB-INF/lib: inajisajili kwa `DriverManager`, ambaye ni wa Java yenyewe na anaishi kuliko duka lako. Tomcat hujaribu kuiondoa kwa nguvu, lakini draiva ya MySQL huanzisha pia uzi wake wa kusafisha miunganisho iliyoachwa, na huo unahitaji kuzimwa kwa `AbandonedConnectionCleanupThread.checkedShutdown()`. Njia rahisi zaidi ni kuiweka draiva kwenye folda ya lib ya Tomcat na kuiachia Tomcat isimamie miunganisho. Basi draiva si ya duka tena, haihami nalo.

Mwingine ni `ThreadLocal`. Huu ni mfuko ambao kila uzi unao wake binafsi. Nyuzi zinazohudumia wateja ni za Tomcat, hazifi duka likisimama. Ukiweka kitu chako mfukoni mwa uzi wa Tomcat na usikitoe, umeacha sanduku. Tomcat kuanzia 7 hujitahidi kubadilisha nyuzi hizo polepole duka likisimama, lakini usimtegemee jirani akuoshee vyombo: andika `remove()` ndani ya `finally`.

Kwa duka la Nakuru marekebisho yalikuwa mistari michache. Klasi inayotekeleza `ServletContextListener`, na ndani ya `contextDestroyed` kuna `shutdownNow()` ya ile kazi ya SMS, kisha kusubiri sekunde chache ikamilike. Orodha ya "nimeshatuma" ikahamishwa kutoka memori hadi hifadhidata, nambari ya oda ikiwa ya kipekee, ili hata seva ikizimika katikati hakuna SMS inayorudiwa. Na bei za sweta, hatimaye, zikatolewa ndani ya programu.

Makosa mengine ya ukoo huo

Ukiwa unahamisha faili za JAR huku na huku utakutana na makosa ya upakiaji, na majina yake yanafanana kiasi cha kuchanganya. `ClassNotFoundException` ni rahisi: mtu ameomba klasi kwa jina na kipakiaji hakuipata. `NoClassDefFoundError` ina hila. Wakati mwingine klasi ipo kabisa, ila ilishindwa kuanza mara ya kwanza, na kuanzia hapo Java inakataa kujaribu tena. Ukiona inasema `Could not initialize class`, usihangaike na kosa hilo. Rudi nyuma kwenye logi hadi `ExceptionInInitializerError` ya kwanza, pengine saa moja kabla, ndipo utakapoona sababu.

`NoSuchMethodError` karibu kila mara ni matoleo mawili ya maktaba moja, na lililoshinda ni lile usilolitaka. Kosa linalotuchekesha ni `ClassCastException` inayosema klasi fulani haiwezi kuwa klasi hiyohiyo, jina kwa jina. Java haijalewa. Klasi hutambuliwa kwa jina lake pamoja na kipakiaji chake, kama vile kuna akina Wanjiku wengi lakini kila mmoja ana kitambulisho chake. JAR moja ikiwa kwenye WEB-INF/lib na pia kwenye lib ya Tomcat, umepata pacha wasiotambuana. Kujua klasi imetoka faili gani, washa `-verbose:class`, au `-Xlog:class+load` kuanzia Java 9.

Na kama ulihamia Tomcat 10 na duka likakataa hata kuamka, si memori. Majina ya `javax.servlet` yalibadilika kuwa `jakarta.servlet`. Weka duka la zamani kwenye folda ya webapps-javaee na Tomcat italigeuza yenyewe.

Tafadhali usitutumie ile faili

Hili tunaliandika kwa sababu lilitokea. Fundi, kwa nia njema, alituma picha ya memori kwa barua pepe yetu ya msaada. Faili hiyo ni nakala ya kila kitu kilichokuwa kichwani mwa seva sekunde ile: nambari za simu za wazazi, majina, oda, nywila ya hifadhidata, na ufunguo wa siri ambao duka hutumia kuzungumza na mfumo wetu wa malipo. Vyote vinasomeka, kama gazeti. Ilibidi tufute ufunguo ule saa ileile na kumpa mteja mwingine, katikati ya mauzo.

Mbali na wizi, kuna sheria. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, wewe mwenye duka ndiye unayewajibika kwa data ya wateja wako. Ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, una saa 72 tangu ujue kumwarifu Kamishna wa Data. Ifungue picha hiyo kwenye mashine yako, ifute ukimaliza, na sisi ututumie mistari ya logi na mnyororo ulioonyeshwa na MAT. Hiyo inatosha.

Jambo moja la upande wa pesa. Seva ikiamka baada ya kuanguka, usiamini maandishi ya "Bado hujalipa" yaliyobaki kwenye hifadhidata yako. Kwa kila oda iliyokwama, uliza kwetu hali ya muamala kwanza, ndipo umwombe mzazi alipe. Mfumo wako ufanye hivyo wenyewe unapowaka, kabla ya kufungua mlango. Na usipandishe toleo saa ya msongamano, hata kama ni bei ya soksi tu.

Wikendi iliyofuata fundi alipandisha duka mara sita mfululizo kwenye mashine ya majaribio, akihesabu vipakiaji kila mara. Nambari haikusogea. Jumapili usiku akalipandisha kwenye seva yenyewe. Jumatatu asubuhi mwenye duka, kabla ya kufungua, alichukua simu yake, akanunua soksi za mtoto kwenye duka lake mwenyewe, akalipa, akakaa kwenye kiti akisubiri. SMS ikaingia. Akasubiri dakika kumi nzima, simu mkononi, kisha akatupigia kutuambia ni moja.